Ufunguo wa Kigeni na Swali la Mtunzi: Uhakiki wa Dhana ya Codd kwa Mfano wa Orodha ya Miswada ya Ushairi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dhana ya ufunguo wa kigeni kama ilivyoasisiwa na E. F. Codd mwaka 1970 na kama inavyotumika leo katika kuunganisha majedwali ya kanzidata. Uhakiki umejikita katika mfano mmoja, yaani orodha ya miswada ya ushairi wa Kiswahili, ambamo jina moja laweza kuwa la mtunzi, mnakili, mkusanyaji au mhusika. Hoja kuu ni kwamba ufunguo wa kigeni huthibitisha kuwapo kwa kinachorejelewa, lakini hauthibitishi ukweli wa rejeleo lenyewe. Orodha inayosahau tofauti hiyo hugeuza madai ya wataalamu kuwa mambo yaliyokwisha kuthibitika. Makala yanapendekeza kwamba unasibishaji wa utungo kwa mtunzi uwekwe katika jedwali lake lenyewe, pamoja na ufunguo unaoonyesha chanzo cha dai.

1.0 Utangulizi

Miswada ya ushairi wa Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu imepita katika mikono mingi kabla ya kufika maktabani. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa ni mfano ulio wazi. Muyaka aliishi mwishoni mwa karne ya 18 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Baada yake, mashairi hayo yalikusanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefanya kazi pamoja na mmisionari William Taylor. William Hichens aliyahariri na kuyatoa kama diwani mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akayachambua upya katika kitabu chake cha mwaka 1979. Hivyo, kati ya mtunzi na msomaji wa leo wamesimama watu wanne, kila mmoja na kazi yake.

Mtafiti anayetaka kuweka orodha ya tungo kama hizo katika kompyuta hukabiliwa mapema na swali la majina. Akiandika jina la mtunzi kando ya kila shairi, mara ataandika “Muyaka”, mara “Muyaka bin Haji”, mara “Muyaka bin Haji al-Ghassaniy”, na mashine itahesabu watunzi watatu. Modeli ya uhusiano hutatua tatizo hilo kwa kumwandika mtu mara moja tu katika jedwali la Watu na kumpa namba isiyorudiwa, yaani ufunguo msingi. Katika jedwali la Tungo huandikwa namba hiyo peke yake. Namba iliyo katika jedwali la Tungo, inayomrejelea mtu aliye katika jedwali la Watu, ndiyo ufunguo wa kigeni.

Ni rahisi maelezo kuishia hapo: mchoro una visanduku viwili, mstari mmoja unaviunganisha, na suala linahesabiwa kuwa limekwisha. Makala haya yanaonyesha kwamba mstari huo ni dai la kitaaluma, na kwamba kila uamuzi wa kiufundi unaouhusu ni uamuzi kuhusu historia ya fasihi.

2.0 Dhana kama ilivyoasisiwa na Codd

Codd alikuwa mwanahisabati mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi katika maabara ya utafiti ya IBM huko San Jose, California. Makala yake ya mwaka 1970 yaliandikwa kupinga hali iliyokuwapo. Mifumo ya wakati huo ilipanga data kama mti au kama mtandao, na programu zililazimika kujua data imepangwa kwa utaratibu gani, ina faharasa zipi, na inafikiwa kwa njia ipi. Mpangilio ukibadilishwa, programu ziliharibika. Codd aliutaja utegemezi huo wa aina tatu na kupendekeza kwamba data ionekane kwa mtumiaji kama mahusiano ya kihisabati, ambayo kwa lugha ya kawaida ni majedwali.

Ufunguo wa kigeni ulizaliwa ndani ya pendekezo hilo. Kwa mujibu wa Codd, safu ya jedwali la kwanza, au kundi la safu, ni ufunguo wa kigeni ikiwa si ufunguo msingi wa jedwali hilo, lakini thamani zake ni thamani za ufunguo msingi wa jedwali la pili. Aliongeza kwamba majedwali hayo mawili yaweza kuwa jedwali lilelile moja.

Mambo matatu katika fasili hiyo yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, kiungo ni thamani inayosomeka, wala si anwani iliyofichwa ndani ya mashine. Anayesoma jedwali la Tungo huona namba ya mtu na huweza kuifuata mwenyewe, kama msomaji wa maktaba anavyofuata namba ya rafu. Huu ndio ubora mkubwa wa dhana hii, nao haujapungua kwa zaidi ya miaka 50.

Pili, sharti kwamba ufunguo wa kigeni usiwe ufunguo msingi wa jedwali lake ni finyu kuliko mahitaji. Orodha ya miswada yaweza kuwa na jedwali la Wanakili lenye habari za hati na wino, ambalo ufunguo wake msingi ni namba ileile ya mtu iliyo katika jedwali la Watu. Namba hiyo ni msingi na ni ya kigeni kwa wakati mmoja. Fasili ya mwaka 1970 ingeikataa, ilhali matumizi ya leo yanaikubali bila shida.

Tatu, fasili inazungumzia kuwapo kwa thamani tu. Haisemi chochote kuhusu sababu ya thamani hiyo kuandikwa mahali ilipoandikwa. Kimya hicho ndicho kiini cha uhakiki huu.

3.0 Kuhusu istilahi

Neno “kigeni” katika Kiswahili hutumika zaidi kwa kilichotoka nje ya nchi, kama katika “lugha ya kigeni” na “fedha za kigeni”. Mwanafunzi anayekutana na “ufunguo wa kigeni” kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba data imeletwa kutoka mfumo wa nje. Ndiyo maana baadhi ya waandishi wangependelea istilahi inayotaja kazi yake, kwa mfano “ufunguo rejeleo”.

Hata hivyo, istilahi iliyozoeleka ina faida yake ikiwa itafafanuliwa kwa maana ya mgeni. Mgeni ni mtu mwenye kwao. Yuko hapa, lakini ana mahali anapojulikana kwa jina na ukoo. Namba ya Muyaka ni ngeni katika jedwali la Tungo kwa sababu kwao ni jedwali la Watu. Kanuni ya uadilifu wa marejeleo husema tu kwamba mgeni asiye na kwao asipokewe. Makala haya yanaendelea kutumia istilahi hiyo kwa maana hiyo.

4.0 Kuwapo kwa kinachorejelewa na ukweli wa rejeleo

Mfano ufuatao unaonyesha mpaka wa dhana. Tuseme jedwali la Watu lina Muyaka bin Haji na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, na jedwali la Tungo lina Al-Inkishafi. Karani akikosea na kuandika namba ya Muyaka kando ya Al-Inkishafi, mfumo utalipokea kosa hilo bila onyo lolote. Muyaka yupo katika jedwali la Watu, na Al-Inkishafi imo katika jedwali la Tungo; sharti limetimizwa. Utenzi wa Sayyid Abdallah wa Pate umekuwa wa mshairi wa Mombasa, na kanzidata imeshuhudia kwamba kila kitu ni sawa.

Upatanisho wa kisarufi hutenda vivyo hivyo. Sentensi “Muyaka alitunga Al-Inkishafi” haina kosa lolote la kisarufi: kiambishi cha nafsi kinapatana na nomino, na njeo iko mahali pake. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi na si kweli. Ufunguo wa kigeni ni kanuni ya upatanisho. Hukagua kama viungo vya sentensi vinashikana, wala haukagui habari inayosemwa.

Haifai, basi, kuulaumu ufunguo wa kigeni kwa kutofanya kazi ambayo haukupewa. Lawama inamstahili mtafiti anayeandika kwamba kanzidata yake inahakikisha usahihi wa data kwa sababu ina funguo za kigeni. Anachoweza kudai kwa haki ni kwamba hakuna rejeleo linaloning’inia. Hilo ni jambo kubwa, lakini ni jambo jingine.

Hata dai hilo dogo huhitaji kuthibitishwa. Lugha ya SQL iliposanifishwa mwaka 1986 haikuwa na tamko la ufunguo wa kigeni. Liliongezwa mwaka 1989. Zipo programu zilizolisoma tamko hilo bila kulitekeleza. Jedwali la MySQL linalotumia injini ya MyISAM lilikubali tamko na kulipuuza, na SQLite hadi leo huacha ukaguzi huo ukiwa umezimwa hadi mtumiaji auwashe kwa amri. Kwa sababu hiyo, mchoro wa majedwali si ushahidi. Ushahidi ni jaribio: mtafiti aingize utungo wenye namba ya mtu asiyekuwapo, kisha aonyeshe kwamba mfumo umekataa.

5.0 Mtunzi asiyejulikana

Tungo nyingi za kale hazina jina la mtunzi. Safu ya mtunzi iwekwe nini? Mfumo huruhusu iachwe tupu, na thamani tupu haihesabiwi kuwa imevunja sharti la ufunguo wa kigeni. Baadhi ya wasanifu huogopa utupu huo na kulazimisha safu ijazwe. Karani anayelazimishwa hutafuta njia: huingiza katika jedwali la Watu mtu anayeitwa “Hajulikani”, akampa namba, na kuzielekeza kwake tungo zote zisizo na jina.

Matokeo yake ni ya kushangaza. “Hajulikani” anakuwa mshairi mwenye tungo nyingi kuliko wote katika upwa wa Afrika Mashariki. Swali rahisi, kama vile ni tungo zipi zina mtunzi mmoja, linaleta jibu la uongo linalounganisha Lamu na Kilwa, na karne moja na nyingine. Funguo zote za kigeni ni halali, na picha yote ya historia imepotoka. Watu wengi waliotunga bila majina yao kuandikwa, wanawake kwa wanaume, wamefanywa mtu mmoja.

Kuacha safu tupu ni bora, lakini hakutoshi, kwa kuwa utupu una maana zaidi ya moja. Huenda karani hajafika katika mswada huo. Huenda ameutafuta mtunzi na kumkosa. Huenda pia utungo ni wimbo wa ngoma uliojengwa na wengi, ambao swali la mtunzi mmoja haliuhusu. Codd mwenyewe alilitambua tatizo hili. Katika makala yake ya mwaka 1986 alipendekeza alama mbili tofauti, moja ya habari inayohusika lakini haipo, nyingine ya habari isiyohusika kabisa. Lugha ya SQL haikuifuata tofauti hiyo. Ilibaki na utupu wa aina moja. Mtafiti wa fasihi analazimika kuijenga tofauti hiyo mwenyewe.

6.0 Kufuta na kuunganisha

Sanifu ya SQL ya mwaka 1992 ilitoa njia kadhaa za kuamua yatakayotokea pale mstari unaorejelewa unapofutwa: kukataza ufutaji, kufuta pamoja nao mistari yote inayourejelea, kuacha marejeleo yakiwa matupu, au kuyaelekeza kwenye thamani iliyopangwa tangu mwanzo. Vitabu vya mafunzo huzieleza njia hizi kwa mfano wa wateja na oda. Mteja akiondolewa na oda zake zikaondoka, hasara yake hupimika. Katika orodha ya miswada, uchaguzi huo ni mzito zaidi.

Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ni mfano unaofaa. Alikuwa mshairi, mchongaji na mnakili aliyewaandikia nakala watafiti wa Ulaya, wakiwamo Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Jina lake huandikwa Kijuma na Kijumwa, na jina la kwanza huandikwa Muhamadi, Muhammad au Mohamed. Ni jambo la kawaida kwa orodha iliyoanzishwa na makarani wawili kumwandika mara mbili. Siku kosa linapogunduliwa, msimamizi hufuta mstari mmoja. Ikiwa mfumo umeamriwa kufuta pamoja, tungo na nakala zote zilizoelekezwa kwenye mstari huo hutoweka kimyakimya. Ikiwa umeamriwa kuacha utupu, kazi za Kijuma zinageuka kuwa za asiyejulikana. Ni kukataza peke yake kunakomlazimisha msimamizi kuhamisha kwanza marejeleo yote hadi kwenye mstari unaobaki, kisha afute.

Kutokana na mfano huo, inabainika kwamba kwa orodha ya urithi wa maandishi njia ya kukataza ndiyo inayostahili kuwa ya kawaida. Mtafiti anayechagua kufuta pamoja anapaswa kueleza kwa nini kuondoka kwa jina kunapaswa kuondoa kazi.

7.0 Nakala ya nakala

Kauli ya Codd kwamba jedwali laweza kujirejelea ina manufaa makubwa kwa mtafiti wa miswada. Nakala nyingi zilinakiliwa kutoka kwa nakala nyingine. Jedwali la Nakala likiwa na safu inayotaja namba ya nakala iliyotangulia, ukoo wa mswada unaweza kufuatwa kutoka kwa mtoto hadi kwa mzazi, na kosa lililoingia katika kizazi kimoja likatambuliwa katika vizazi vinavyofuata.

Hapa pia kuna mpaka. Ufunguo wa kigeni hukagua hatua moja tu. Nakala ya kwanza ikitajwa kuwa imetoka kwa ya pili, na ya pili kuwa imetoka kwa ya kwanza, kila hatua ni halali peke yake, ingawa kwa pamoja haziwezekani: mtoto amemzaa mzazi wake. Mzunguko wa namna hiyo hauzuiwi na tamko la ufunguo wa kigeni. Unahitaji ulizo la kujirudia, ambalo lugha ya SQL inalo tangu sanifu ya mwaka 1999, linalopanda ukoo hatua kwa hatua na kusimama linapokutana na nakala iliyokwisha kupitiwa. Tasnifu inayotumia jedwali linalojirejelea bila ulizo hilo haijakamilisha ukaguzi wake.

8.0 Unasibishaji kama jedwali

Mifano yote iliyotangulia inaelekea kwenye tatizo moja la usanifu. Ufunguo wa mtunzi ukiwekwa ndani ya jedwali la Tungo, orodha inasema mambo matatu kwa mpigo: kwamba mtunzi ni mmoja, kwamba anajulikana, na kwamba hakuna haja ya kusema nani alimtaja. Kwa fasihi iliyohifadhiwa kwa kumbukumbu na kunakiliwa kwa mikono, yote matatu yanaweza kuwa uongo. Fumo Liyongo ni kielelezo. Kuna nyimbo zinazonasibishwa naye kama mtunzi. Yeye pia ndiye mhusika mkuu wa utenzi wa mwaka 1913 unaohusishwa na Kijuma. Na wakati alioishi unabishaniwa na wataalamu. Safu moja ya mtunzi haiwezi kuyabeba hayo.

Pendekezo la makala haya ni kuondoa ufunguo wa mtunzi katika jedwali la Tungo na kujenga jedwali kiungo la Madai. Kila mstari wake uwe na funguo tatu za kigeni: wa utungo, wa mtu na wa chanzo. Kando yake ziwepo safu za jukumu, yaani kutunga, kunakili, kukusanya, kuhariri au kusimuliwa, pamoja na ukurasa wa chanzo. Ufunguo wa utungo na ufunguo wa chanzo visiruhusiwe kuwa vitupu. Wa mtu uruhusiwe.

Kwa muundo huo, tofauti iliyokosekana katika sehemu ya tano inapatikana. Utungo usio na mstari wowote wa jukumu la kutunga ni utungo ambao bado haujachunguzwa. Utungo wenye mstari unaotaja chanzo na kumwacha mtu akiwa mtupu ni utungo ambao mtaalamu fulani ameuchunguza na kukosa jina. Wimbo wa wengi hupewa jukumu lake lenyewe la utunzi wa pamoja. Wataalamu wawili wanaotofautiana hupata mistari miwili, wala karani halazimiki kumnyamazisha mmoja wao.

Muundo huu unaweza kupingwa kwa hoja mbili. Hoja ya kwanza ni kwamba swali la “nani alitunga” halitapata tena jibu moja, na ulizo litakuwa refu. Hilo ni kweli, na ni gharama halali, kwani jibu moja lililokuwapo halikuwa na msingi. Hoja ya pili ni nzito zaidi: ufunguo wa chanzo nao unathibitisha tu kwamba kitabu kipo, hauthibitishi kwamba kitabu kinasema hivyo. Tatizo limepandishwa ngazi moja, halijaondolewa. Hoja hii inakubalika, lakini ngazi hiyo si bure. Safu ya mtunzi ilimwacha msomaji mbele ya jina lisilo na njia ya kulihoji; safu ya chanzo inamfikisha kwenye ukurasa anaoweza kuufungua. Mashine inakagua kuwapo, na binadamu anakagua ukweli, kila mmoja mahali pake.

9.0 Hitimisho

Ufunguo wa kigeni ni dhana iliyodumu kwa sababu inafanya kazi moja na inaifanya vizuri: hauruhusu rejeleo lisilo na kwao. Uhakiki huu umebaini kwamba udhaifu unaojitokeza katika kuunganisha majedwali hautokani na kazi hiyo, bali unatokana na kuubebesha ufunguo huo dhamana ya ukweli. Imeonekana vilevile kwamba chaguo kati ya kukataza na kufuta pamoja, kati ya utupu na “Hajulikani”, na kati ya safu ya mtunzi na jedwali la Madai, huamua nani atakumbukwa kama mshairi na nani atapotea.

Kwa watahini, makala yanapendekeza maswali matatu kwa kila tasnifu yenye kanzidata ya fasihi. Je, mtafiti ameonyesha jaribio ambalo mfumo ulikataa rejeleo batili? Je, ameeleza yatakayotokea kwa kazi pale jina la mtu linapofutwa au kuunganishwa na lingine? Na je, msomaji anayeona jina la mtunzi katika orodha anaweza kujua, bila kumuuliza mtafiti, ni nani aliyesema hivyo na katika ukurasa upi? Orodha inayojibu swali la tatu imeutumia ufunguo wa kigeni kwa uwezo wake wote, bila kuudai zaidi ya hapo.